Konzi Sita Kaburini kwa Mtu Nisiyemjua

Sijivunii hili, na kama ningekuwa na njia ya kulipunguza ningelipunguza, maana kupunguza ndiyo kazi yangu, lakini aibu haikatwi nusu, unaichukua nzima kama ilivyofungwa. Kuna mama mmoja Masasi, mtu wa heshima zake, ambaye kwa siku tatu aliamini kwamba mumewe waliyetoka kumzika alikuwa na mtoto wa nje, na huyo mtoto nilikuwa mimi, na mimi marehemu sikuwahi kumwona hata kwa kupishana njiani. Sababu ni opera. Ndiyo, opera. Msicheke sasa hivi, mtamaliza kicheko na mbele bado kuna kazi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imepanda hadi huku juu kwetu, na mimi nilikuwa na meza yangu sokoni Newala, mashati upande huu, makoti ya watu wa nchi za baridi upande ule. Sauti ninayo. Nikiita wateja, hata aliyelala anageuka kitandani aone kama kuna saizi yake. Kwa sauti hiyo hiyo ndiyo akaninasa Mwalimu Chilumba, mwalimu wa muziki aliyerudi kutoka ng'ambo alikosomea uimbaji, na aliyekuja na wazo kwamba Newala iwe na opera yake, yaani mchezo ambao ndani yake hakuna kusema, kila kitu kinaimbwa, kuanzia salamu hadi ugomvi. Kulikuwa na mwanamke mle ndani anayemwomba jirani ndoo ya maji kwa kuimba dakika nne (nilizihesabu, nikarudia, nne kamili), nikamwambia Mwalimu kwamba kwa Newala hii mtu akiimba dakika nne mbele ya bomba, wenzake wameshateka na bomba limeshakauka. Akasema, "Ndiyo maana anaimba kwa huzuni, Baba Zainabu."

Mimi nilipewa nafasi ya mwana anayechelewa maziko ya baba yake. Anafika mwishoni, baba keshalazwa, na anaimba juu ya mwili wake wimbo mrefu wa kuomba radhi, halafu analia, halafu watu wote wanalia, halafu tunakwenda nyumbani. Kuimba niliimba. Kulia ndiyo ikawa shughuli. Kila nikifika pale pa kulia Mwalimu anapiga makofi kusimamisha, anavua miwani, anaifuta, anaivaa.

"Sauti yako inalia," aliniambia siku moja mbele ya kundi zima, "lakini uso wako bado unauza mashati."

Kundi likacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Likapa, fundi cherehani, mwembamba wa sauti na wa kila kitu, lakini alikuwa na machozi ya karibu mno, ukimtazama vibaya tu yameshafika. Mwalimu alikuwa na mafundisho yake: kabla hujamwimba mtu, mjue. Anatembeaje, anakaa upande gani wa mkeka, pumzi anaivutia wapi, anataka nini kwa yule aliye mbele yake. Mama wa ndoo ya maji alikwenda kushinda bombani siku mbili akiandika kwenye daftari. Mimi nikaambiwa nikawatazame watu waliofiwa. "Jumamosi nataka kuona mtu aliyefiwa na baba," akasema, "la sivyo nafasi anaichukua Likapa."

Sasa mimi kushindwa kuuza naweza kuvumilia, ila kushindwa na Likapa hapana.

Jumatano nilikuwa na safari ya Masasi kufuata robota la makoti. Asubuhi natoka nikachukua leso iliyokuwa imeanikwa kambani, nusu kitunguu nikakifunga ndani yake (nilikuwa nimesikia kwamba hata ng'ambo wanatumia kitunguu, na kama wao wanatumia, mimi ni nani), nikaitia mfukoni. Mke wangu akaniona.

"Baba Zainabu, hiyo leso jana nilibangulia korosho. Usiitie usoni."

"Imefuliwa."

"Imeloweshwa. Maji ya kufulia yako wapi?"

Mimi nikadhani ananitega ninunue leso nyingine. Nimezoea kutegwa, na nimezoea kuruka mtego, nikaruka huo nikaenda zangu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama mnavyouona. Aliyekulia kwenye mikorosho anajua yale mafuta ya ganda yanavyofanya: wanaobangua wanajipaka majivu mikononi ili yasiwababue, na yakipata ngozi laini, ngozi hiyo utaiaga. Mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Nilijua. Nilijua kabisa, na bado nikapanda lori.

Masasi nikashuka, na kabla sijafika kwa mwenye marobota nikaona mtaa umetandikwa mikeka, wanaume wamekaa nje, wanawake ndani, sauti ya kisomo inatoka. Nikasema, bahati hiyo. Nikauliza jina la marehemu kwa aliye pembeni, akasema ni Mzee Athumani, muuza vyungu na mikeka, nikasema inna lillahi, nikakaa mkeka wa nyuma kabisa kama mtu mwenye adabu, nikaanza kutazama.

Hakuna aliyelia. Niliwahesabu wanaume arobaini na mmoja, nikawarudia, arobaini na mmoja, na hakuna jicho lililolowa. Watoto wa marehemu, wawili, walikaa mbele wanatazama vidole vya miguu yao. Mmoja alikuwa anachomoa ukindu kwenye mkeka, mmoja mmoja, anaupanga pembeni. Hiyo ndiyo huzuni yenyewe ilikuwa pale, mbele ya macho yangu, bure, na mimi nikaona sijapata bidhaa niliyoifuata. Nikasema basi, kama wao hawalii, ngoja mimi nijaribu yangu kidogo, huku nyuma, nione uso unakwendaje. Nikatoa leso. Nikaibana machoni, yote mawili, kwa nguvu, kama mtu mwenye uchungu.

Jamani.

Kitunguu sikukisikia hata harufu. Kilichonipata ni moto. Machozi yalitoka si kwa matone, yalitoka kama bomba la Newala siku ile moja ya mwaka linapofunguka, na sauti ikanitoka nayo, ile sauti yangu ya sokoni, isiyojua msiba wala faragha. Kisomo kikakatika. Mtu akanishika kwapa la kulia, mwingine la kushoto.

"Pole, ndugu yangu. Pole. Jikaze."

"Macho yangu!" nikasema.

"Utamwona peponi, inshallah," akaniambia mmoja, na wakaninyanyua.

Sioni kitu. Wananipeleka mbele. Najua ni mbele kwa sababu watu wanasogeza miguu, na nikaketishwa katikati ya wale watoto wa marehemu, na yule mkubwa, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Shaibu, akanishika mkono. Hakuniuliza mimi ni nani. Nani anamuuliza mtu anayelia namna ile? Nyuma nikasikia mtu anamwambia mwenzake, "Kumbe ni wa ndani kabisa."

Hapo ningeweza kusema. Nimefikiria mara nyingi, hapo ndipo pa kusema, nafasi ilikuwepo. Lakini jeneza likanyanyuliwa, na mimi nikanyanyuliwa nalo, na ukiwa huoni unafuata mkono uliokushika.

Makaburini zikafika zile konzi tatu za mchanga. Shaibu akaniongoza hadi ukingoni, akanichotea ya kwanza. Sasa tabia yangu mnaijua, mimi hata robota nikishalihesabu nalirudia. Nikatupa moja, mbili, tatu. Halafu, macho yamefumba, kichwa kimevimba, sina hakika kama ile ya pili iliingia kaburini au ilinimwagikia miguuni, nikarudia: moja, mbili, tatu. Halafu mzee mmoja nyuma akatoa maelezo, kwa sauti ya mtu aliyeyaona mengi.

"Tatu zake. Tatu za mama yake, ambaye hakuweza kuja."

Wakaitikia wote, "Aaaah."

Kwa hiyo nilikwenda makaburini mgeni, nikarudi nikiwa na baba, na mama aliyefichwa.

Msiniulize kwa nini sikuondoka. Macho yalikuwa yameziba, ngozi inabanduka kwenye kope, barabara naisikia tu. Jioni ile, tumekaa barazani, nikajaribu kumweleza Shaibu.

"Kaka," nikamwambia, "ukweli ni kwamba mimi nilikuja hapa kujifunza kulia."

Akanipiga piga begani.

"Sote tunajifunza, kaka. Hakuna aliyezaliwa anajua."

Mtu akikujibu hivyo utamwambia nini?

Kesho yake asubuhi nikaitwa ndani. Mjane alikuwa ameshaanza eda, na mwanamke wa eda haonani na mwanamume asiye wake, kwa hiyo fahamuni uzito wa mwito ule: aliniita kama mtoto wa mumewe. Nilikuwa nimepakwa mafuta ya nazi na jicho la kushoto limefunguka kwa upana wa mstari wa daftari, na kwa mstari huo nikamwona, Mama Shaibu, amekaa sakafuni kwenye mkeka, na pembeni yake bibi mmoja mkavu mwenye macho makali, aliyenitazama kama mimi ninavyotazama shati kabla sijajua lina tundu wapi. Huyo alikuwa Bi Somoe, mtani wa ukoo wa marehemu, mwenye ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Macho yanaendeleaje?"

"Yanaendelea."

"Mtoto wa mume wangu ni mwanangu," akasema, taratibu, kama mtu aliyekesha akiyapanga maneno. "Sikulaumu wewe. Niambie tu, una miaka mingapi?"

Kuna maswali mtu anajibu kabla hajafikiri. "Thelathini na mmoja."

Akainama. Nikaona anahesabu kwa vidole, chini ya kanga, akamaliza, akarudia. Mara mbili. Maisha yangu yote nimehesabu mara mbili na sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya, wala sikujua kwamba inaweza kumuuma anayehesabu.

"Ndoa yangu ina thelathini na nne," akasema. Hata hapo hakulia. Kumbe, nikaja kuambiwa, tangu mzee akate roho hakuwa amelia hata kidogo.

Nilifungua mdomo. Nawaapieni niliufungua. Lakini nikawaza: nikimwambia mwanamke huyu kwamba nimekuja kwenye msiba wa mumewe na kitunguu, atanifanya nini, na watoto wake watanifanya nini, na mimi sioni mlango uko wapi? Nikasema, "Mama, mambo haya tutaongea," neno ambalo sokoni nalitumia kwa mteja ninayetaka aondoke. Bi Somoe akaguna.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuanua tanga. Hitima ikasomwa, watu wakala, na wakati mabakuli yanakusanywa, akatoka ndani Mzee Athumani.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyoshtuka. Alikuwa Bi Somoe, amevaa koti la marehemu, kofia yake, fimbo yake mkononi, kama ilivyo haki ya mtani. Lakini haikuwa nguo tu. Alikuwa anatembea kwa kuanzia goti la kulia, na kila baada ya hatua tatu anasimama kana kwamba kuna mtu kamwita, hayupo, anaendelea. Akakaa kwenye kigoda, akaweka chungu mbele yake, akamfukuza nzi asiyekuwepo, akaanza kupatana na mteja asiyekuwepo.

"Hicho? Kwa bei hiyo? Mwanangu, unanitakia nini mimi?" Kidevu kikaanza kutetemeka. Mkono ukaenda juu, ukaitafuta kofia, ukaivua. "Nina wajukuu..." Na machozi, machozi ya kweli, yakamshuka Bi Somoe mashavuni. "Umeongeza? Umesema umeongeza?" Yakakauka pale pale, kofia ikarudi kichwani.

Watu walianguka. Shaibu alicheka akashika ubavu. Kumbe Mzee Athumani alijulikana soko zima la Masasi kwa jambo hilo: ukitaka akupunguzie bei analia, na ukiongeza ananyamaza, na hakuna aliyewahi kuondoka pale kwa bei aliyoitaka. Mimi nilikuwa nimesahau kila kitu, natazama kidevu. Kwanza kidevu, kisha kofia, kisha machozi. Mwalimu Chilumba alivuka bahari kujifunza jambo hilo, na hapa Masasi kuna bibi analifanya baada ya ubwabwa.

Ndipo akanigeukia, bado yumo ndani ya koti.

"Na wewe, mwana wa konzi sita! Njoo urithi. Mtoto wa Athumani hashindwi kulia. Lia tukuone!"

Macho yangu siku hiyo yalikuwa yamepona. Makavu kabisa. Nikasimama mbele ya watu wote, nikajaribu kidevu, kidevu kikakataa. Na nyuma ya pazia la mlango nikaona miguu ya Mama Shaibu, amesimama, anasikiliza.

Nikasema. Nilisema yote, kwa mbio, kama mtu anayemwaga gunia: mimi si mtoto wa huyu mzee, mimi ni muuza mitumba wa Newala, mama yangu yuko Mnyambe na hajawahi kufika Masasi, nimo kwenye mchezo wa kuimba, nimekuja kujifunza kulia, leso ilibanguliwa korosho.

Zikazuka kelele.

"Anamkana baba yake!"

"Siku ya tanga!"

Shaibu akasimama, na safari hii mkono wake haukuja begani. "Yaani baada ya mama yangu kukuita mwanangu," akasema, "ndiyo unaona aibu kuwa wetu?"

"Kaeni," akasema Bi Somoe. "Mtu akisema ni mpishi, mpe chungu. Wewe ni mwimbaji? Imba."

Nikaimba. Wimbo wote wa mwana aliyechelewa, kuanzia mwanzo, "Baba, nimefika mlango umefungwa," mbele ya mabakuli na watu waliofiwa kweli. Sauti ilikwenda vizuri, sisemi uongo, ilifika barabarani. Nilipofika pale pa kulia nikaweka kila nilichonacho usoni, nikakunja huku, nikavuta kule, na nikaona kwenye nyuso zao kile alichokuwa akikiona Mwalimu siku zote. Kicheko kilianzia mkeka wa nyuma. Kikaja mbele kama maji. Yule mzee wa makaburini alikohoa hadi akapigwa mgongoni. Shaibu alijikaza, akashindwa, akakaa chini.

Na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Mama Shaibu, kwanza kama kikohozi, kisha wazi.

"Huyo?" akasema. "Uso huo? Huyo si damu ya Athumani. Athumani alilia hata akiuza mfuniko!" Akacheka, akacheka sana, na katikati ya kicheko sauti ikageuka, na wanawake wakamwendea mbio, kwa sababu sasa alikuwa analia, kilio cha mtu aliyezuiwa siku tatu, anamlilia mumewe, wake peke yake, kwa jina.

Wanaume tukainamisha vichwa. Bi Somoe akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaja akaketi karibu nami.

"Mimi nimemtazama miaka arobaini," akaniambia kwa sauti ya chini, "ndiyo nikavaa koti lake. Wewe umekuja asubuhi na kitunguu."

Faini ya mtani sikuijadili. Niliambiwa nioshe mabakuli yote ya msiba, nikayaosha, sabini na mawili (ndiyo, nilirudia).

Jumamosi nilimwambia Mwalimu Chilumba mwenyewe, kabla hajavua miwani: mpe Likapa. Akaniuliza, na wewe? Akanitazama kwa muda, hasa huku usoni palipobanduka, akasema kuna nafasi moja ambayo haihitaji uso. Nikawa marehemu. Baba mwenyewe. Kulala kwenye mkeka nimefunikwa hadi kidevuni, wakati Likapa ananiimbia.

Tulicheza opera ile miezi mitano baadaye, ukumbi umejaa watu wa Newala na wengine wametoka Tandahimba. Nimelala, macho nimefumba, Likapa ameshaanza kazi, na nikasikia benchi la mbele sauti ninayoifahamu. Eda ilikuwa imekwisha. Shaibu alikuwa amewaleta wote wawili.

"Athumani wangu angelia hapa," alisema Mama Shaibu, polepole, si kwa ajili ya kusikiwa.

"Angelia hata kabla hawajaanza," akajibu Bi Somoe.

Akilini nikaviona tena vile vidole chini ya kanga, vikihesabu miaka mara mbili. Na pale nilipolala, bila leso, bila kitunguu, kidevu kikaanza chenyewe. Mkono ukataka kofia, nikauzuia, mimi ni maiti. Machozi yakashuka upande wa masikio. Nikamsikia Mwalimu Chilumba nyuma ya pazia anasaga meno. Likapa alinyamaza katikati ya noti.

Bi Somoe akasimama, ukumbi mzima ukamsikia.

"Mwacheni maiti alie! Ndiyo kwanza amefika msibani!"

Tangu hapo kuigiza sijarudia, na wala sijaombwa. Misibani nakwenda, maana watu wanafariki na mimi nina adabu. Leso naacha nyumbani. Nakaa nyuma, nikiitwa mbele nauliza kwanza, na pale kaburini nahesabu konzi mara moja tu: moja, mbili, tatu, nakung'uta mikono, natoka ukingoni kabla mikono haijakumbuka mazoea yake.